Nzi wa Pall Mall

Waingereza wana duka la ndoana ambalo watu huingia wakiwa wamevaa tai. Liko namba 9, mtaa wa Pall Mall, katikati ya London, mtaa uleule wa vilabu vya waungwana ambavyo kwa miaka mingi mwanamke hakukubaliwa kuwa mwanachama. Linaitwa Farlows. Limekuwa likiuza vifaa vya uvuvi tangu 1840, mwaka ambao vitabu vingi vya historia vinautaja kuwa ndio Seyyid Said alipohamishia makao yake kutoka Maskati hadi Unguja. Himaya ile imeanguka, na ya Waingereza nayo imeanguka, lakini ndoana zinauzwa bado.

Kwetu pwani uvuvi wa mshipi hauna haja ya duka la namna hiyo. Mshipi unazungushwa kwenye kipande cha ubao, chubwi inafungwa, ndoana inavishwa kipande cha ngisi, na kidole cha shahada ndicho kinachopokea habari kutoka chini ya maji. Mzee wa Shimoni au wa Kigombe akioneshwa fimbo ya kuvulia inayouzwa kwa maelfu ya pauni atauliza swali la haki kabisa: na samaki anajua? Swali hilo nililibeba mpaka dukani, na sikuona sababu ya kulificha. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alilipokea bila kununa. Alifungua kabati, akatoa fimbo ya mwanzi, akaniambia niitikise polepole.

Ilinichukua muda kuelewa fimbo ile ni ya nini, kwa sababu nilikuwa nafikiria chubwi. Mvuvi wa pwani anarusha uzito, na mshipi unafuata. Huku mambo yamegeuzwa. Chambo ni nzi wa bandia, manyoya machache yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo, na hana uzito wa kutosha hata kuvuka upana wa mtaro. Ukimrusha kwa mkono ataangukia miguuni pako. Kwa hiyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, na fimbo ndiyo inayoupeleka nyuma, ikapinda, ikasubiri unyooke hewani, kisha ikautuma mbele ili nzi atue juu ya maji bila kishindo. Trauti, samaki wa mito ya Uingereza, hukaa kwenye maji mafupi yanayoonesha kila jiwe. Akiona kivuli cha mtu au akisikia mshipi ukipiga maji, amekwenda. Samaki, basi, anajua.

Fimbo ya mwanzi ni kazi ya kutia adabu. Mwanzi unaopendwa unatoka Guangdong, kusini mwa China. Unapasuliwa, kisha vipande sita vinarandwa mpaka kila kimoja kiwe na pande tatu, halafu vinaunganishwa kwa gundi kuwa ufito mmoja wenye pande sita. Nguvu ya mwanzi iko kwenye nyuzi za nje, chini tu ya ganda, kwa hiyo fundi anaranda upande wa ndani na kuliacha ganda salama. Kila kipande kinapungua unene kuelekea nchani kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya inchi. Vifundo vinapangwa visikutane mahali pamoja, maana vikikutana hapo ndipo fimbo itakapovunjikia. Ukiishika huoni kiungo hata kimoja. Bei yake, kusema kweli, ingenunua ngalawa na tanga lake, na sikuwa na nia ya kuinunua. Niliirudisha kwa mikono miwili.

Walioipa kazi hii jina kubwa ni Hardy wa Alnwick, mji mdogo wa Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland. William Hardy alianza mwaka 1872 kwa ufundi wa bunduki, nduguye John James akajiunga naye, na baada ya muda fimbo zikazipita bunduki. Fimbo zao za mwanzi waliziita Palakona. Rili yao maarufu (gurudumu la kuzungushia mshipi), Perfect, iliyopewa hataza mwaka 1888, ina gololi ndani, na mshipi unapovutwa inatoa mlio wa kukwaruza ambao wavuvi wa kule wanaweza kuuzungumzia jioni nzima. Zamani Hardy nao walikuwa na duka lao Pall Mall, namba 61. Sasa halipo. Kampuni ilitoka mikononi mwa familia mwaka 1967, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Pure Fishing ya Marekani. Sisemi haya kwa dharau. Jina la kale ni mali inayoweza kuuzwa na kununuliwa bila fundi hata mmoja kuhama benchi lake, na pia fundi anaweza kuhama na jina likabaki ukutani likimeremeta. Mteja anayelipa kwa ajili ya jina anapaswa kuuliza mara mojamoja mikono iko wapi.

Nami mikono niliikuta upande wa nzi.

Nzi wamepangwa katika vijisanduku, kila kimoja na jina lake na namba ya ndoana. Namba hizo zinamchanganya mgeni, kwa sababu kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo. Nzi wa namba 18 anakaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho na nafasi inabaki. Wako wanaoelea, wako wanaozama, wako wanaoiga mdudu aliyekomaa na wanaoiga mtoto wake anapopanda kutoka tope la mto kwenda kutoa mabawa. Trauti hali kila kitu kila saa. Mdudu wa aina moja anapoanguliwa kwa wingi, trauti anaweza kuwakataa wengine wote na kumtaka huyo tu, kwa ukubwa huohuo. Hivyo anayebuni nzi lazima awajue wadudu wa mto, hata kama anachokitumia ni unyoya wa mkia wa ndege. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon katika Wiltshire, alitengeneza nzi wa kuzama ambaye hakutumia uzi kabisa: waya mwembamba wa shaba na nyuzi za unyoya wa mkia, basi. Waya unafunga na hapohapo unampa uzito wa kumshusha chini. Nadhani huo ni miongoni mwa uvumbuzi mzuri zaidi ambao mtu amewahi kuufanya kwa vitu viwili.

Nilimtafuta Greenwell's Glory, nzi mwenye historia inayonikera kidogo. Mwaka 1854 kasisi William Greenwell wa Durham alikuwa akivua kwenye mto Tweed. Masimulizi yanasema aliona trauti wakila mdudu ambaye hakuwa na mfano wake, akawakamata wadudu wachache na kumpelekea James Wright, mfungaji nzi wa kijiji cha Sprouston. Wright akawatazama, akachukua uzi wa hariri wa manjano, unyoya wa jogoo na bawa la ndege mweusi, akafunga. Kikapu cha kasisi kikajaa. Nzi akapewa jina, na jina likawa la kasisi. Wright hakusahauliwa kabisa, maana vitabu vya uvuvi vinamtaja, lakini mvuvi anayefungua kijisanduku chake asubuhi anasoma Greenwell. Mwenye macho ya kuona mdudu alistahili heshima. Mwenye vidole vya kumtengeneza alistahili zaidi, na huo ndio msimamo wangu.

Ndoana pia ina ukoo wake. Mji wa Redditch, katikati ya Uingereza, ulitajirika kwa sindano, na waliojua kuchonga ncha ya sindano hawakupata shida kupinda ndoana. Wanorwe nao, Mustad wa Gjøvik, walianza kazi za chuma mwaka 1832, na mwaka 1877 fundi wao Mathias Topp akabuni mashine ya kutengeneza ndoana. Ndiyo chapa ambayo wavuvi wengi wa mshipi wa Bahari ya Hindi wanaifahamu. Hapo mvuvi wa Pall Mall na wa ngalawa wanakutana bila kujuana.

Lakini wanakutana kwa karibu zaidi kwenye nzi, na hili wateja wengi wa maduka kama yale hawalijui. Sehemu kubwa ya nzi wanaouzwa Uingereza na kwingineko Ulaya hufungwa Kenya. Fulling Mill, moja ya kampuni kubwa za nzi Uingereza, ina karakana yake huko, na si hiyo tu. Kazi hii imefanyika Kenya kwa vizazi, na asili yake si siri. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wakatiwa kwenye mto Gura, katika milima ya Aberdare. Wakashika. Baadaye kikajengwa kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, karibu na Nyeri, na mito ya Mlima Kenya ikapata wageni wasioondoka. Walowezi wakataka nzi, nzi wa kuagiza wakawa ghali na wa kuchelewa, na vidole vya wenyeji vikajifunza. Walowezi wengi walirudi kwao. Vidole vikabaki, vikaanza kuwauzia walikorudi.

Niliwahi kukaa nusu siku katika karakana moja nje kidogo ya Nairobi. Meza ndefu, taa juu ya kila kiti, na mbele ya kila mfungaji jiliwa dogo linaloshika ndoana kwa kupinda kwake. Mama mmoja alikuwa akifunga Greenwell's Glory, na nilimwomba apunguze kasi ili nione. Akacheka, akapunguza, na bado sikuona vizuri. Uzi wa manjano anaupitisha kwenye nta mpaka ugeuke rangi ya zeituni. Bila nta, rangi siyo. Mabawa ndiyo mtihani. Kipande cha bawa la kushoto lazima kitoke kwenye unyoya wa bawa la kushoto la ndege, cha kulia kwa kulia, vinginevyo nzi atajizungusha angani na kuukunja mshipi. Vipande viwili vinabanwa kati ya kidole gumba na cha shahada, uzi unapitishwa juu yake ukiwa umelegea, kisha unavutwa chini wima huku vidole vimekaza. Ukilegeza kidogo, mabawa yanapinda na unaanza upya. Yeye hakuanza upya. Waya wa dhahabu ulizunguka mwilini kwa nafasi sawa, unyoya wa shingo ya jogoo ukapigwa raundi chache, nyuzi zake zikasimama pande zote, fundo la mwisho likafungwa kichwani, tone la vanishi, na ndoana nyingine ikaingia kwenye jiliwa kabla sijamaliza kuandika sentensi.

“Mama, huyu anaelekea wapi?” nikamuuliza.

“Uingereza. Wakivua, wasivue, sisi tumeshafunga.”

“Wewe umewahi kuvua kwa nzi?”

“Mimi? Ndugu yangu, samaki ninayemjua ni wa kukaanga.”

Wenzake wakacheka. Baadaye nikagundua kuwa jibu lake lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Hajawahi kumwona trauti akipanda kumchukua nzi wake, hajawahi kusimama kwenye maji baridi ya Tweed wala ya Gura, na bado samaki wa kote kuwili wanadanganyika. Anachokijua ni uwiano: urefu wa mkia kwa urefu wa mwili, idadi ya raundi, nafasi ya kuacha kichwani ili jicho la ndoana lisizibwe. Mvuvi mwenye uzoefu atakwambia kwamba nzi mbaya hujulikana hapo kwenye jicho, anapohangaika kupitisha mshipi saa ya magharibi huku samaki wanaruka mbele yake. Mama yule hajawahi kuhangaika hivyo, na amehakikisha mwingine asihangaike. Sijui sifa nyingine kubwa kuliko hiyo ninayoweza kumpa fundi.

Kuna wanaosema kazi ya kurudia jambo lilelile mara mia kwa siku si sanaa, ni kiwanda tu. Wamwambie hivyo msusi wa mikeka wa Pemba. Ufundi mwingi ulioheshimiwa duniani uliishi kwa kurudiwa, na mkono haujifunzi kwa kufanya jambo mara moja vizuri. Kinachonisumbua kwenye nzi si kurudia, ni kwamba fimbo ya mwanzi hubeba jina la aliyeitengeneza au la nyumba yake, wakati nzi hubeba jina la kasisi, la mto au la kampuni, na njia nzima kutoka Kenya mpaka kwenye kijisanduku hakuna aliyeona haja ya kuongeza la mfungaji.

Ombi langu kwa wenye maduka na kampuni za nzi ni dogo. Pale penye jina na namba ya ndoana, pana nafasi ya neno moja: Kenya. Likitoshea la pili, liwe jina la mtu. Nawe msomaji, ukipita London, hakuna kiingilio cha kuingia Farlows na tai si lazima. Pitia fimbo, zinastahili kutazamwa, kisha nenda kwenye nzi, omba Greenwell's Glory wa namba 14, mgeuze chini ya taa utazame mabawa yake, na uulize kwa sauti ya kusikika amefungwa na nani.