Tundu la Buluu

Ile dakika ya 17 ya video ya fundi anayefunga Wi-Fi kwenye nyumba ya ghorofa nimeirudia mara nne, na bado inaniuma. Mmeiona wenyewe. Fundi amepiga magoti kwenye chumba cha kusomea ghorofani. Mkono wa kulia ameshika ncha ya Cat6 aliyotoka kuipitisha kwenye paipu kutoka sebuleni, mkono wa kushoto ameigeuza ruta ya pili tuone mgongo wake. Matundu manne ya manjano, moja la buluu. Ncha ya waya inasita kidogo juu ya manjano. Kisha inasogea, inalia "tak", imeingia kwenye buluu.

Hapo nyumba moja ikawa nyumba mbili.

Kazi ya kabla yake ilikuwa safi: ruta kuu imekaa katikati ya nyumba, swichi ya matundu 8 kwa televisheni na kamera, modemu ya faiba imewekwa kwenye briji. Na hiyo briji ndiyo inayonikera zaidi. Mtu anayejua kuizima NAT ya modemu ili ibaki ya ruta peke yake, anajua fika kwamba NAT mbili ni balaa. Sasa uzibe tundu chini, upande ngazi, ukatoboe jingine juu?

Fuateni njia ya data yenyewe. Ruta ya chini inagawa anwani za 192.168.1. Ya juu, kwa kuwa imepokea waya kwenye WAN, lile tundu la buluu, inaamini kwamba huko chini ni mtaani, kwa watu isiowajua. Inafunga mlango, inawasha DHCP yake, inagawa anwani za 192.168.0. Printa iko juu. Mama yuko jikoni na simu, anataka kuchapa kazi ya shule ya mtoto. Simu inatafuta, printa haisikii, maana NAT ya juu haimruhusu aliye upande wa WAN aanzishe mazungumzo. Kijana aliye juu akitaka kurusha filamu kwenye televisheni ya sebuleni, haioni kwenye orodha, kwa sababu vifaa vinavyojitangaza sauti yao haivuki ruta.

Na mbaya zaidi, ruta zote mbili kazipa jina moja la Wi-Fi na nywila moja. Lingekuwa jambo zuri mno kama ya juu ingekuwa akses pointi. Kwa alivyofunga yeye, baba anapanda ngazi akiongea WhatsApp, simu inahamia ruta ya juu, inapewa anwani nyingine kabisa, na mazungumzo yanakatika katikati ya neno. Baba atailaumu kampuni ya intaneti. Atapiga simu huduma kwa wateja, ataambiwa azime na kuwasha.

Kurekebisha hakuchukui dakika tano. Ingia kwenye ruta ya juu, ipe 192.168.1.2, hakikisha anwani hiyo haimo kwenye zile ambazo ruta ya chini inazigawa, zima DHCP, chomeka waya kwenye manjano lolote. Ruta nyingi za siku hizi zina hata chaguo la akses pointi kwenye menyu, zinakufanyia hayo yote kwa kubofya mara moja.

Nawakumbuka mafundi wa intaneti kafe za Kariakoo na Posta, kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar es Salaam mwaka 2009. Intaneti ilitoka kwenye dishi, kidogo na ya kugombaniwa, na hakuna aliyethubutu kufunga kifaa ovyo. Nyaya nane walizipanga kwa macho: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kisha koleo. Anwani ya kila kompyuta iliandikwa kwenye kaunta buku iliyokaa droo ya meza ya mbele. Umpe mmoja wao Linksys WRT54G mbili, zile za buluu na nyeusi zenye antena mbili, swali lake la kwanza ni moja: ipi inagawa anwani? Hajagusa waya bado.

Namshukuru fundi wetu kwa jambo moja, hakuweka repita. Nimeipigia kelele miaka mingi: repita ya redio moja inapokea na kutuma kwa chaneli ileile, kwa hiyo nusu ya spidi inaishia njiani. Kwa slabu ya zege kama ile, waya ndiyo jibu, na waya aliuvuta. Ila chaneli ya 2.4 GHz ameiacha kwenye 3. Ni 1, 6 au 11. Ukikaa kwenye 3 unamkanyaga jirani wa 1 na jirani wa 6, nao wanakukanyaga wewe.

Dakika ya 24 anapima spidi akiwa palepale ghorofani. Mshale unapanda, anatabasamu, anaonyesha skrini kwenye kamera. Kipimo kile kinatoka nje ya nyumba na kurudi, na kinapita NAT mbili bila kulalamika. Nyuma ya bega lake printa inaonekana, taa yake ya kijani inawaka. Angeshuka ngazi na simu yake, akajaribu kuchapa ukurasa mmoja tu kutoka sebuleni, angejua. Video inaishia kwenye mshale.