Kituo cha Pili Kilisahauliwa

Wikendi ya Aprili 20 hadi 22, 2018, benki ya TSB ya Uingereza iliuacha mfumo wa Lloyds uliokuwa ukiihudumia na kuhamia Proteo4UK, mfumo uliojengwa na SABIS, kampuni ya teknolojia ya mmiliki wake, Sabadell ya Hispania. Programu mpya, seva mpya, wateja milioni 5.2, mkupuo mmoja. Tovuti ilipofunguliwa tena Jumapili jioni, wapo waliofungiwa nje ya akaunti zao, wapo walioona akaunti za watu wengine. Hali ya kawaida ilirejea Desemba.

Tangu siku hiyo lawama zimekuwa juu ya ile wikendi moja, kwamba wateja wangehamishwa kwa mafungu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki kwenye shina. Safaricom iliihamisha M-Pesa wikendi moja tu ya Aprili 2015, seva zikatoka Ujerumani kuja Kenya na mfumo wenyewe ukabadilishwa hapo hapo, na watu wakaendelea kutumiana pesa. Kilichoiangusha TSB ni uamuzi uliopita bila kelele miezi kabla ya wikendi hiyo: vituo vya data vilikuwa viwili, majaribio ya mzigo yakafanywa kwenye kimoja.

Uamuzi huo haukuwa na utetezi, na nitaeleza kwa nini. Vituo vile havikupangwa kimoja kifanye kazi na kingine kisubiri. Vilipangwa kufanya kazi vyote kwa pamoja. Ombi la mteja linaweza kupokelewa na kimoja, na ombi lake linalofuata likaangukia kingine. Ili aione akaunti yake, na yake tu, vituo vyote viwili lazima vimtambue kwa namna ile ile, na mipangilio ya seva ifanane mstari kwa mstari. Tofauti ndogo ya mpangilio, kwa mfano kikomo cha miunganisho kwenye hifadhidata, haionekani watumiaji wakiwa mia mbili. Wakiwa laki mbili, foleni inaziba, kituo kilichozidiwa kinamsukumia mwenzake mzigo, na mwenzake naye anaziba.

Sasa ukipima kituo kimoja peke yake, umepima nini? Umepima mfumo ambao hakuna mteja atakayeutumia. Mawasiliano kati ya vituo viwili hayakupimwa. Ulinganifu wa mipangilio haukupimwa. Ugawaji wa maombi haukupimwa. Hayo matatu ndiyo moyo wa mpango mzima, na yote matatu yalikutana na mzigo halisi kwa mara ya kwanza wakati wateja wakiwa mlangoni. Ripoti ya wanasheria wa Slaughter and May, iliyotoka Novemba 2019, ilikiweka wazi kisa hiki cha kituo kimoja, na nashangaa jinsi kilivyozikwa chini ya habari za nani alijiuzulu.

Data yenyewe ilihama salama, na waliofanya kazi hiyo wanastahili sifa.

Nimelalamika kwenye safu hii, na sitaacha, kuhusu mradi unaoanza na tarehe kisha kazi ikakatwa ili ienee ndani yake. TSB ilipanga kuhama Novemba 2017, ikashindwa, ikatangaza robo ya kwanza ya 2018 kabla haijajua kazi iliyobaki ni ya muda gani. Tarehe ikishatangazwa, cha kwanza kupunguzwa ni majaribio. Ripoti ilisema bodi haikuuliza maswali ya msingi, na mimi nakubaliana nayo. Lalamiko langu jingine la zamani ni kupokea neno la muuzaji kwamba yuko tayari na kulihesabu kuwa ushahidi. SABIS nayo ilitegemea wakandarasi wengi chini yake. Neno lake lilihitaji kupimwa kwenye mashine.

Hata uokoaji ulianza vibaya. Mkurugenzi mkuu, Paul Pester, alitangaza kwamba huduma imerudi huku wateja wakiwa bado wanagonga mwamba. Kuwaita wataalamu wa IBM waje kusaidia kulikuwa sahihi. Lakini kurudi kwenye mfumo wa zamani si jambo jepesi tena wateja wakishaanza kufanya miamala kwenye mpya, maana kila saa inayopita inazitenganisha hifadhidata mbili. Ndiyo maana njia ya kurudi hujaribiwa kabla ya kuondoka.

Nani aliwahi kuifanya kazi hii ipasavyo? Mafundi wa Wikimedia. Aprili 2016 waliihamisha Wikipedia nzima, pamoja na hii yetu ya Kiswahili, kutoka kituo cha Ashburn, Virginia, kwenda cha Texas, wakaitumikisha huko siku mbili, kisha wakairudisha. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Walitaka kujua kituo cha pili kinabeba mzigo wote au hakibebi, na walitaka kuijua njia ya kurudi. Walipata kasoro, wakazirekebisha. Leo wanahama hivyo kila baada ya miezi sita, na uhariri husimama kwa dakika chache tu. Hilo ni shirika linaloishi kwa michango ya wasomaji. Benki yenye wateja milioni tano haikuwa na kisingizio cha gharama.

Desemba 2022 wasimamizi wa Uingereza waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65, mbali na pauni milioni 32.7 za fidia kwa wateja. Mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia, Carlos Abarca, alitozwa yeye binafsi pauni 81,620.

Wewe unayeletewa karatasi ya kuidhinisha uhamisho wa seva, iwe Dar es Salaam au Nairobi, usitie saini hadi uonyeshwe matokeo ya siku ambayo kituo cha pili kilibeba mzigo wote peke yake. Wakikuambia siku hiyo haijafika, ahirisha.