Kilo Haikupaswa Kuamua

Mliokuwa pale uani pa shule, Machakos mjini, siku ya kuuza kompyuta kuukuu, mliona wenyewe. Orodha ya mali ilikuwa safi na tangazo lilibandikwa mapema. Kwa hilo kamati ya shule ilifanya kazi. Kisha ikaletwa mizani, kompyuta, printa na monita zote zikauzwa kwa kilo, na hapo ndipo kila kitu kiliharibika.

Printa za Epson LX-300 ndizo zilizonichemsha damu. Printa ya pini 9 hugonga utepe, ndiyo maana huandika karatasi ya juu na nakala za kaboni chini yake kwa mpigo mmoja. Leza, hata ya bei gani, haiwezi kazi hiyo. Muuza jumla anayetoa risiti za nakala tatu angeinunua mchana huohuo. Kuipima kwa kilo ni kumuuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya ngozi. Kuna aliyeichomeka hata moja kwenye umeme kabla ya kuihukumu?

Na diski, jamani! Nimeliandika hili hadi wasomaji wamechoka: ukifuta faili, kinachoondoka ni anwani yake tu, data inabaki palepale. Fomati ya haraka nayo ni danganya toto. Diski huandikwa sufuri mwanzo hadi mwisho, au hutobolewa kwa drili. Hizi zilipanda lori zikiwa ndani ya mashine, pamoja na chochote kilichoandikwa humo kuhusu wanafunzi, huku tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Bisibisi moja ingetosha kuzitoa.

Monita zenye kichogo hazikufaa kuuzwa kabisa. Kioo chake kina risasi. Mtu wa skrapu anataka koili ya shaba iliyozunguka shingo ya kioo hicho. Akishaing'oa, kioo ni cha kutupwa mtaroni. Mzigo huo ulistahili kwenda WEEE Centre, Utawala, Nairobi, ambako kupokea taka za kielektroniki ndiyo kazi yao. Sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma ya 2015 inaruhusu mnada, zabuni, kuhamishia taasisi nyingine ya umma, hata kupeleka kama taka. Kamati ikachukua njia moja kwa vyote.

Mafundi wa Computers for Schools Kenya, miaka ile ya 2000, walizifufua mashine kama hizi zikarudi darasani. Leo tableti ikifa betri, tumeshaizika. Wengine huhifadhi: kule Melbourne, kompyuta ya CSIRAC ya 1949, yenye tani 7 hivi, ilizimwa 1964 ikapelekwa makumbusho, na ingali nzima. Sisemi tufuge kila Pentium. Moja, na floppy yake, ingetosha somo la kompyuta.

Nasikia nusu ya mzigo bado haijachukuliwa, iko stoo. Wanakamati, toeni diski na mjaribu printa kabla lori halijarudi.