Ukingo wa Birika: Ubatizo na Mamlaka ya Kanisa katika Maono ya Perpetua wa Karthago

Matini ya Kilatini ijulikanayo kama Mateso ya Perpetua na Felicitas imezoeleka kusomwa kama habari ya ushujaa: wafungwa wanakataa kutoa sadaka kwa ajili ya wafalme wa Roma, kisha wanauawa uwanjani mbele ya umati. Usomaji huo hauna kosa, ila huipita haraka sehemu ya gerezani, ambamo mhariri asiyetajwa jina ananyamaza na kuwaachia wafungwa wawili, Perpetua na Saturus, wasimulie maono yao kwa nafsi ya kwanza. Katika sehemu hiyo kuna swali ambalo Kanisa la Afrika ya Kaskazini lilihangaika nalo kwa zaidi ya miaka 200: nani ana uwezo wa kumfikisha mtu kwenye maji ya uzima?

Perpetua alikuwa na umri wa miaka 22 hivi na mtoto anayenyonya alipokamatwa pamoja na wakatekumeni wenzake, wakiwemo watumwa Revocatus na Felicitas. Aliuawa tarehe 7 Machi 203. Alibatizwa akiwa tayari chini ya ulinzi, na anasimulia kwamba Roho alimwelekeza asiombe chochote kutokana na maji yale isipokuwa uvumilivu wa mwili. Hivyo tangu mwanzo wa masimulizi, ubatizo haumtoi mtu hatarini, unamwingiza humo. Taswira hiyo inakamilika uwanjani, pale Saturus anapong'atwa na chui na kulowa damu, na watazamaji wanamdhihaki kwa salamu ambayo watu walipeana kwenye hamamu za mji. Mhariri anaigeuza dhihaka hiyo kuwa ushuhuda wa ubatizo wa pili.

Taswira ya maji inafikia kilele chake katika maono mawili kuhusu Dinocrates, mdogo wake Perpetua, aliyefariki akiwa na miaka 7 kwa kansa ya uso. Katika ono la kwanza mtoto anatoka mahali penye giza, ana joto na kiu, na kidonda chake kingali usoni. Mbele yake pana birika lililojaa maji, lakini ukingo wake umepita kimo chake. Perpetua analia na kumwombea usiku na mchana. Katika ono la pili ukingo umeshuka hadi kitovuni pa mtoto, kidonda kimekuwa kovu, na bakuli la dhahabu halipungui maji. Dinocrates anakunywa, kisha anakwenda kucheza kama wachezavyo watoto. Jambo la kustaajabisha kisanaa ni kwamba mtoto hanyanyuliwi. Kinachobadilika ni birika: maji yanashushwa yamfuate aliyeshindwa kuyafikia.

Uzito wa tukio hilo unaonekana zaidi likiwekwa kando ya risala ya Tertullian kuhusu ubatizo, iliyoandikwa katika mji huohuo wa Karthago na karibu na miaka hiyohiyo. Tertullian anasema haki ya kubatiza ni ya askofu, halafu makasisi na mashemasi kwa idhini yake. Mlei anaruhusiwa penye dharura, lakini mwanamke haruhusiwi. Perpetua habatizi mtu, na itakuwa kuilazimisha matini kudai hivyo. Hata hivyo, mwanamke aliyetoka tu kubatizwa, asiye na daraja lolote, anaomba na maji yanamfikia marehemu. Msomaji wa Karthago wa wakati ule angeuona mgongano huo bila kuelezwa.

Agostino wa Hippo aliuona. Zaidi ya karne mbili baadaye, Vincentius Victor alimtumia Dinocrates kuthibitisha kwamba waliokufa bila ubatizo wanaweza kuingia peponi. Agostino alijibu kwamba kitabu hicho hakimo katika Maandiko Matakatifu, na kwamba hakuna mahali kinaposema mtoto hakubatizwa. Huenda alibatizwa, akaeleza, kisha baba yake mpagani akamwingiza katika ibada ya sanamu, na ndiyo sababu ya adhabu yake. Hofu ya Agostino inaeleweka: ikiwa sala ya dada inatosha, ubatizo umebaki na kazi gani? Lakini kama uhakiki wa matini, jibu lake ni dhaifu. Ni kweli kwamba matini iko kimya. Agostino anaujaza ukimya huo kwa matukio mawili, ubatizo na uasi, ambayo msimulizi hakuyadokeza. Kwa kufanya hivyo anakitunga upya kisa ili mafundisho yabaki salama, na kile ambacho Perpetua alikiacha wazi kinafungwa.

Ono la Saturus linalielekeza swali hilohilo kwa viongozi. Baada ya kufika mahali pa raha, yeye na Perpetua wanawakuta mbele ya milango askofu Optatus na kasisi Aspasius, mmoja kulia na mwingine kushoto, wametengana na wana huzuni. Viongozi hao wanaanguka miguuni pa mashahidi na kuwaomba wawapatanishe. Mashahidi wanashangaa: inakuwaje baba yao na kasisi wao wawapigie magoti? Hapo kuna adabu ya kweli. Cheo hakidharauliwi, na Perpetua anazungumza nao kwa upole kwa Kigiriki. Karipio linatoka kwa malaika, wanaomwagiza Optatus awarekebishe watu wake, kwa kuwa wanamjia kama mashabiki watokao kwenye mashindano ya farasi wakibishania makundi yao. Ni tashibihi kali, na ya mtaani kabisa. Tertullian alipolitaja ono la peponi katika risala yake kuhusu roho, alimhusisha nalo Perpetua na kukumbuka mashahidi tu. Askofu aliyesimama nje hakumtaja.

Baada ya karipio hilo Saturus anaona kana kwamba malaika wanataka kufunga milango. Kisha simulizi inageukia ndugu wengi anaowatambua ndani, na haisemi kama Optatus na Aspasius walipatana.