Ruzuku iliyolipwa kiwandani: jinsi bei ya dawa mseto ilivyoshushwa

Mwaka 2009 mgonjwa wa malaria aliyeingia duka la dawa baridi nchini Tanzania, au kwa kemisti wa kijijini Kenya, alikuwa na njia mbili. Kwa fedha kidogo, chini ya dola moja, angeondoka na SP (sulfadoxine-pyrimethamine), dawa ya zamani ambayo vimelea vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea. Akitaka dawa mseto ya artemether na lumefantrine, ambayo Kenya iliitangaza kuwa tiba ya kwanza mwaka 2004 na Tanzania ikafuata mwaka 2006, angetajiwa bei iliyozidi ile mara kadhaa. Zahanati ya serikali iliitoa bure, siku ilipokuwapo. Baada ya miaka mitatu, dawa hiyohiyo ilikuwa dukani ikiwa na nembo ya jani la kijani, kwa bei elekezi ya shilingi 40 Kenya na shilingi 1,000 Tanzania.

Kilicholeta tofauti hiyo ni mkataba wa usambazaji. Kiwanda, molekuli na vidonge havikubadilika: dozi ya mtu mzima ilibaki vidonge 24, vinne kila mara, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Kilichobadilika ni nani anamlipa nani, na katika hatua gani ya safari ya dawa.

Tuanze na utaratibu wa kawaida, kwa sababu ndio uliovunjwa. Kampuni ya dawa ya nje ikitaka soko la Afrika Mashariki, huteua wakala. Wakala anasajili dawa kwa mamlaka ya udhibiti, anaagiza, analipa ushuru na maghala, anawakopesha wauzaji wa jumla mali kwa siku 60 au 90, naye anadai haki ya kuwa peke yake nchini. Mvutano mezani huwa juu ya mambo matatu: kiwango cha chini cha ununuzi kwa mwaka, muda wa kulipa, na usajili uandikwe kwa jina la nani. Hilo la mwisho huonekana dogo siku ya kutia saini, lakini mwenye usajili ndiye mwenye nguvu siku ya kuachana. Kampuni ikimwacha wakala anayeshikilia usajili, huenda ikakaa miezi mingi bila kuuza hata pakiti moja.

Katika mpango huo, bei hupanda kila dawa inapopita mkono mmoja kwenda mwingine. Wakala wa pekee hana wa kushindana naye, hivyo hana sababu ya kuipunguza. Kiwanda nacho hujua kwamba serikali hununua kwa zabuni na kwa wingi, ilhali mtu wa dukani ananunua pakiti moja akiwa na mtoto mwenye homa mgongoni. Ndiyo maana bidhaa moja ilikuwa na bei mbili. Mwaka 2001 kampuni ya Novartis na Shirika la Afya Duniani walikubaliana kwamba Coartem, chapa ya kampuni hiyo ya artemether na lumefantrine, iuzwe kwa sekta ya umma bila faida. Mgonjwa aliyekwenda duka binafsi hakuguswa na makubaliano hayo, na katika nchi nyingi za Afrika ndiko wengi wanakoanzia wanapopata homa.

Wazo la kuugeuza mpango huo lilitolewa mwaka 2004 na kamati ya wataalamu Marekani iliyoongozwa na mchumi Kenneth Arrow, mshindi wa Nobeli. Walipendekeza ruzuku ya kimataifa iwekwe juu kabisa ya mnyororo, kabla dawa haijatoka kwa mtengenezaji, kisha biashara iachwe ifanye kazi yake ya kawaida. Wengi walitia shaka. Je, wafanyabiashara hawataimeza ruzuku yote njiani?

Jibu la kwanza lilipatikana Tanzania. Mwaka 2007 dawa mseto zilizopunguzwa bei kwa asilimia 90 ziliingizwa katika maduka ya dawa ya wilaya za Maswa na Kongwa, huku wilaya nyingine ikiachwa kama ilivyo kwa ajili ya kulinganisha. Kati ya walionunua dawa za malaria, waliochukua dawa mseto walikuwa asilimia 1 mwanzoni. Mwaka mmoja baadaye walifika asilimia 44.2. Wastani wa bei waliyolipa ulikuwa senti 58 za dola, karibu sawa na SP. Wenye maduka hawakuimeza ruzuku. Lakini utafiti huo ulionyesha jambo jingine ambalo halikupewa uzito wake: maduka ya mijini na ya vituo vikubwa yalikuwa na dawa hizo zaidi kuliko yale ya vijiji vya mbali.

Mwaka 2010 wazo likawa mpango kamili, ukiitwa kwa kifupi AMFm, chini ya Mfuko wa Dunia. Fedha zilitoka kwa Unitaid, serikali ya Uingereza na taasisi ya Gates. Majaribio yalihusisha Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar, pamoja na Ghana, Nigeria, Niger na Madagascar.

Mkataba wenyewe ulikuwa na ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni kati ya Mfuko wa Dunia na watengenezaji, wakiwemo Novartis ya Uswisi, Sanofi ya Ufaransa, Cipla, Ajanta na Ipca za India, na Guilin ya China. Kila mmoja alikubali bei ya juu kabisa ya kiwandani asiyoruhusiwa kuivuka. Humo ndimo kilimokaa kifungu ninachokiona kuwa moyo wa mpango mzima: mnunuzi binafsi asitozwe zaidi ya mnunuzi wa umma. Kifungu hicho kimoja kiliziua zile bei mbili hata kabla senti ya ruzuku haijatolewa. Kwa nini viwanda vilikubali? Kwa sababu vilipewa kitu ambacho wakala wa kawaida hawezi kukitoa, yaani maagizo makubwa na mlipaji asiyekopa. Mfuko wa Dunia ulilipa sehemu kubwa ya bei moja kwa moja kiwandani, na mnunuzi akabakiwa na senti chache za dola kwa dozi.

Ngazi ya pili ni ya wanunuzi wa kwanza, yaani waagizaji wa nchini. Yeyote aliyekidhi masharti na kutia saini hati ya ahadi aliruhusiwa kununua. Aliahidi kupitisha punguzo kwa wateja wake na kukubali kukaguliwa. Kwa waagizaji kuwa wengi na chapa kuwa kadhaa, haki ya kuwa peke yake sokoni ilikosa nguvu. Muuza jumla wa Kariakoo aliyeona bei ya mwagizaji mmoja imepanda aliweza kuvuka barabara.

Bei ya dukani haikulazimishwa kisheria. Ilitangazwa redioni na kwenye mabango sambamba na lile jani la kijani, alama ya mpango, ili mteja aijue kabla hajafika kaunta. Nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kuweka mkaguzi wa bei katika kila duka la dawa muhimu kuanzia Kigoma hadi Lamu ni kazi isiyowezekana; mama anayejua kwamba dozi ni shilingi 40 yuko kila mahali.

Watanzania walikuwa na kipimo chao cha kulinganishia. Tangu mwaka 2004 hati punguzo iliwapa wajawazito nafuu ya kununua vyandarua. Ruzuku ile ilikaa mkononi mwa mnunuzi, nayo ilimlenga anayehitaji hasa, lakini kila karatasi ilipaswa kuchapishwa, kugawiwa, kukusanywa na kulipwa. Ruzuku ya kiwandani haina karatasi mtaani, hivyo husafiri haraka. Gharama ya urahisi huo ni kwamba haimchagui mtu: inamfikia mwenye malaria, mwenye homa ya mafua na mwenye kuweka akiba kabatini kwa kipimo kilekile.

Tathmini huru iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha kwamba upatikanaji wa dawa mseto zenye ubora uliothibitishwa uliongezeka sana katika majaribio yote isipokuwa Niger na Madagascar, na katika sehemu nyingi bei ya sekta binafsi ilishuka kwa zaidi ya dola moja kwa dozi. Kwa mpango uliokuwa na muda mfupi namna ile, ni mafanikio ninayoyaheshimu.

Ufa ulikuwa upande wa kiasi. Mkataba ulifunga bei ukaacha wingi wazi. Kufikia katikati ya mwaka 2011 maagizo yalikuwa yamezidi fedha zilizokuwapo kwa mbali, na Mfuko ukalazimika kuyakata na kuyapanga kwa zamu. Muuzaji aliyekuwa amewazoesha wateja bei mpya alijikuta hajui shehena ijayo ni lini. Isitoshe, maagizo yalielemea pakiti za watu wazima, kwa kuwa hao ndio wenye kununua, wakati malaria huua zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Mgawo kati ya pakiti za watoto na za wakubwa ulipaswa kuandikwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza. Ulikuja kuingizwa baadaye, kama breki, na breki huumiza zaidi wa mwisho kwenye mstari.

Ufa wa pili ni kipimo. Mwaka 2010, mwaka uleule wa uzinduzi, Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mgonjwa apimwe kabla ya kutibiwa, kila inapowezekana. Mkataba ulilipia vidonge bila kulipia kipimo cha haraka. Shirika la Oxfam liliushambulia mpango kwa hoja hiyo mwaka 2012, likisema dawa haziwezi kuachwa mikononi mwa wauza maduka wasio na mafunzo. Sikubaliani nao wakitaka duka liondolewe kabisa, kwa kuwa katika vijiji vingi duka ndilo lililo wazi saa mbili usiku. Lakini kuhusu kipimo walikuwa na haki, na tiba ya kasoro hiyo ingepatikana palepale mezani: kipimo kingelipiwa ruzuku kwa mtindo uleule, na muuzaji akapewa faida ya kupima ili asitegemee faida ya kuuza vidonge peke yake.

Novemba 2012 bodi ya Mfuko wa Dunia iliamua mpango usiendelee kujitegemea. Kuanzia mwaka 2014, nchi iliyotaka ruzuku ya sekta binafsi ilipaswa kuikata kutoka katika mgao wake wenyewe wa malaria, ambako ruzuku hiyo ilishindana na vyandarua, upuliziaji na dawa za zahanati. Bei za kiwandani zilizokwisha kujadiliwa zilibaki zikitumika, na kiasi kikawa kinapangwa na wizara kabla ya agizo la kwanza kutumwa.