Mzimu au Mtu? Riwaya Iliyochanika Mwisho

Hapa chuoni tumezoea kuidharau riwaya ya upelelezi kwa sababu moja kubwa: inamaliza kila kitu. Muuaji anakamatwa, fundo linafunguliwa, msomaji analala usingizi wake. Riwaya inayomwacha msomaji njia panda, kama Nagona ya Kezilahabi (1990), ndiyo tunayoiita komavu. Nami niliwahi kusimama kwenye semina nikayasema hayo hayo kwa sauti kubwa. Leo nataka kuyapinga, na nitaanzia Mandewa, Singida, kwa sababu huko ndiko nilikosoma riwaya yenye mwisho tata ambao mwandishi wake hakuuandika.

Riwaya yenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Nakala ya pale nyumbani ilikuwa imepita mikono mingi. Jalada lilikwishang'oka, na kurasa za mwisho hazikuwapo. Nani kazichana? Kila mmoja alimsema mwenzake. Tukaisoma hivyo hivyo kwa zamu, kwa mwanga wa chemli, hadi pale Bwana Msa na kiko chake anapokaribia kutoboa siri. Halafu basi, hakuna kitu!

Nyumba ikagawanyika. Bwana Ali, tajiri wa mashamba, amekutwa maiti mahali ambapo watu wanapaogopa. Je, ameuawa na mzimu au na mtu? Binamu yangu alishikilia kwamba ni mtu tu, tena wa karibu. Shangazi, aliyekuwa akisikiliza huku akichambua mchele, akamkata kauli: "Wewe mtoto, mzimu ukichokozwa hauna salamu." Ubishi ule ulituchukua wiki nzima.

Kifani, hapo ndipo Abdulla alipofaulu. Taharuki yake haitokani na bastola wala mbio za magari. Inatokana na swali moja linalovutwa pande mbili muda wote. Hofu ya wanakijiji haidharauliwi. Inapewa nafasi ya kutosha, na Najum, rafiki yake Msa, anashangaa pamoja nasi. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi ya ajabu, anasema utanzu huo huishi muda ule tu ambao msomaji anasitasita kati ya maelezo ya kawaida na yale yasiyo ya kawaida. Akishachagua, umekwisha. Kwa maana hiyo, panya au mtoto aliyezila kurasa zetu aligeuza riwaya ya upelelezi kuwa riwaya ya ajabu. Nilipofika chuoni nilijivunia sana jambo hilo. Nilidhani nakala yetu ilikuwa bora kuliko ya mwandishi.

Kilichonibadilisha mawazo si nadharia bali historia ya kwetu. Katika miaka ya 1940, wilayani Singida, watu wengi walikutwa wamekufa kwa majeraha yanayofanana na ya simba. Serikali ya Waingereza ikaamini kwamba wengi waliuawa na watu waliojivika ngozi za simba, na watu wakashtakiwa. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti wake kwa Wanyaturu, aliandika makala ya kulitazama upya suala hilo la "watu-simba". Simba au mtu? Ni swali letu lile lile la kwenye chemli. Tofauti ni kwamba hapa aliyekufa ni ndugu ya mtu, na anayeshukiwa ni jirani. Hivi, nani atasema utata wa namna hiyo ni mtamu? Shaka ikikosa mwisho haibaki hewani, ndugu zangu. Inatafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi inamwangukia asiye na mtetezi.

Nilipoipata nakala kamili maktaba nikaisoma upya kwa jicho hilo. Bwana Msa anauondoa mzimu kwenye kesi na kuuweka mkono wa mtu mahali pake. Zamani ningesema amefunga mlango. Sasa nasema amefanya jambo la ujasiri, kwa kuwa mzimu haushtakiwi ila mtu anashtakiwa. Hata hivyo sisemi kila jibu ni jema. Jibu la haraka linaweza kumnyonga asiye na kosa. Thamani ya Msa ni kwamba anatuonyesha njia aliyopita, hatua kwa hatua, ili nasi tuweze kumkosoa. Dosari yake ni kwamba njia hiyo ni ya kichwa kimoja chenye akili kupita wote, na wanakijiji wanabaki kuwa wasikilizaji tu.

Kwa hiyo swali la mhakiki lisiwe kama mwisho umefungwa au umeachwa wazi. Aulize ni nani anayelipa gharama ya shaka hiyo, na ni nani anayelipa gharama ya jibu.

Likizo iliyofuata nilimsomea shangazi zile kurasa zilizokosekana. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Haya, nimekubali ni mtu. Lakini mahali pale mimi sipiti usiku."

Anayeona nimepotoka na aniandikie, tutajibizana toleo lijalo.