Geuza Kichwa Kwanza: Namna ya Kuipima Kazi ya Kupandikiza Nywele

Wengi wakionyeshwa kichwa kilichopandikizwa nywele hutazama mbele, na hapo ndipo wanapodanganyika. Paji lililojazwa hupendeza kwenye picha yoyote. Ukitaka kujua kama aliyeshika chombo alikuwa fundi, mgeuze mwenye kichwa umtazame kisogo, tena umtazame nje, saa sita za mchana, hapa Lodwar, Turkana. Jua letu hupenya hadi kwenye ngozi iliyo chini ya nywele. Kinachofichwa na taa za kliniki, jua hili hukitoa nje chote.

Matangazo ya kliniki za Nairobi na Istanbul humfikia kijana wa Kakuma kwenye simu yake sawasawa na yanavyomfikia mwenzake wa Westlands. Bei ni laki kadhaa za shilingi, mbali na nauli. Na huku kwetu hahitajiki mtu wa kutufundisha kwamba nywele za mwanamume zina thamani. Wazee wa Kiturkana walizifinyanga kwa udongo, wakazitia rangi na kuzichomeka manyoya ya mbuni, na usiku wakalaza kichwa juu ya ekicholong, kile kigoda cha mbao, ili pambo lisivunjike. Watu waliojali kichwa kiasi hicho wanastahili kujua wanachonunua.

Nazungumzia upara wa wastani. Panja zimerudi nyuma, utosi umeanza kung'aa, lakini kati ya sehemu hizo mbili bado pana nywele. Kwenye kipimo alichokiweka mtafiti Hamilton mwaka 1951 na daktari Norwood akakirekebisha mwaka 1975, chenye ngazi saba, mtu huyu yuko ngazi ya tatu au ya nne. Ndiye anayefaidika zaidi na upasuaji huu, na ndiye mwenye mengi ya kupoteza ukifanywa vibaya, kwa sababu upara wake haujafika mwisho.

Siri yote iko kisogoni. Okuda, daktari wa Japani, aliandika mwaka 1939 juu ya kupandikiza vipande vidogo vya ngozi yenye nywele, lakini maandishi yake hayakujulikana nje ya nchi yake kwa miaka mingi. Mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York alieleza kwamba unywele uliotolewa nyuma au pembeni mwa kichwa huhama na tabia yake. Ukipandwa mbele, huendelea kuishi kama ungali kisogoni, na homoni zilizoumaliza unywele wa mwanzo haziumalizi huu. Ndiyo sababu kazi hii inawezekana. Mpaka wake ni kwamba shina likishatolewa kisogoni, pale halioti jingine. Unachohamisha leo hutakuwa nacho tena utakapokuwa na miaka hamsini na upara umesonga mbele.

Kwa hiyo fundi wa kweli hutambulika hata kabla ya kushika sindano. Ukiketi mbele yake, hukugeuza. Hupitisha vidole kisogoni, huweka kioo cha kukuza, huhesabu mashina katika sentimita moja ya mraba, huuliza upara wa baba yako na wa wajomba zako. Anayeanza na kalamu kwenye paji lako, akikuchorea mstari na kukutajia bei, amekuonyesha tayari anachokijali. Daktari ninayemheshimu zaidi ni yule anayemwambia kijana wa miaka ishirini na miwili arudi nyumbani, atumie dawa, asubiri ionekane upara wake unaelekea wapi.

Daktari huyo pia huangalia kama upara wenyewe ni wa kupandikizwa. Ngozi inayong'aa bila vinyweleo, yenye maumivu au magamba, huenda ina ugonjwa unaoua mashina, na huo hauponi kwa kupandwa nywele juu yake. Mapunye hutibiwa kwa dawa. Dada zetu ambao nywele za pembeni zimeng'olewa na misuko ya kubana wanaweza kupandikizwa, lakini baada ya kuacha kubana na hali kutulia kwa muda mrefu. Halafu kuna vipele vya kisogoni, vile vigumu vinavyochochewa na kunyoa chini sana na ambavyo wanaume wengi weusi wanavijua. Vikiwa vimejaa palepale panapopaswa kutolewa nywele, vitibiwe kwanza. Mwenye ngozi inayootesha makovu ya keloidi aseme mapema, na daktari asipouliza, hiyo ni dosari ya daktari.

Sasa tufike penye ufundi wenyewe. Nenda kwa kinyozi yeyote wa Kakuma, mji ambao kambi yake imepokea watu wa mataifa mengi tangu 1992, ukae kwenye benchi saa moja. Atashika kichwa cha Msomali ambacho nywele zake mara nyingi zina mkunjo uliolegea, kisha cha Mkongo au Mturkana chenye kipilipili kilichokaza. Utamwona akibadili mkono. Nywele za mkunjo uliolegea huzifuata kwa kitana, za kipilipili huzinyanyua kwanza kwa chanuo, maana zimelala zikijizungusha. Kinyozi huona mkunjo ulio juu ya ngozi tu. Mpasuaji hana budi kuujua ule wa chini, kwa sababu shina la kipilipili limepinda hata likiwa ndani, kama upinde. Chombo cha kutolea ni mrija mkali wenye kipenyo cha karibu milimita moja. Ukiusukuma wima, kama wafanyavyo waliojifunza kwa nywele za singa, utalikata shina katikati na kutoa kipande kisichoota. Kisogo kitakuwa kimepungua na mbele hakijaongezeka kitu.

Hapo ndipo ninapomtenganisha bingwa na mwanafunzi. Bingwa hutoa machache ya majaribio, huyatandaza, huyatazama kwenye darubini na kukuonyesha yapi ni mazima na yapi yamekatika. Yakikatika mengi hubadili mrija au pembe, au hukuambia waziwazi kwamba njia hiyo haikufai. Muulize amewahi kufanya vichwa vingapi vya kipilipili, na uombe kuviona. Mtu anaweza kuwa na sifa kubwa kwa nywele za singa na bado asikufae.

Njia ziko mbili, na utazikuta zikiandikwa kwa herufi. FUT ni kukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, kulishona pengo lililobaki, kisha kuuchambua ukanda huo kwa darubini shina baada ya shina. FUE ni kutoa moja moja kwa mrija, namna iliyoelezwa rasmi na daktari Rassman na wenzake mwaka 2002. Ya kwanza huwapa mashina yaliyopinda nafasi nzuri ya kutoka salama, lakini huacha kovu la mstari. Kwa mwanamume wa Lodwar anayenyoa namba moja kila baada ya wiki mbili kwa ajili ya joto, mstari huo utaonekana na kila anayepanga foleni nyuma yake. Ya pili huacha vidoa vidogo vilivyotawanyika. Vikiwa vimetawanywa vizuri, hufichika hata nywele zikiwa fupi; vikichimbwa kwa pupa mahali pamoja, kisogo hubaki na mabaka. Ukinyoa para kabisa, alama za njia zote mbili zitaonekana, na anayekuahidi kazi isiyo na alama hasemi kweli.

Mbele, tazama mambo mawili. La kwanza ni mstari wa paji. Wanaume wetu wengi kwa asili wana mstari ulionyooka kiasi, wenye kona kwenye panja, na daktari aliyezoea vichwa vya Ulaya anaweza kuuviringa bila kujua. Lakini pia kuna kishawishi cha kuomba mstari ule anaochonga kinyozi kwa wembe, mkali na ulionyooka kama rula. Kinyozi atauchonga upya wiki ijayo. Ule wa daktari utakaa usoni pako hadi uzeeni. Ukiukaribia mstari mzuri, unakuta haukunyooka. Mbele kabisa pana mashina ya unywele mmoja mmoja yaliyopangwa bila mpango, nyuma yake ya nywele mbili, kisha tatu. Ukiona nywele tatu zikitoka shimo moja pale mbele, mpandaji alikuwa na haraka.

La pili ni mlalo. Nywele zina uelekeo, kama zilivyo juu ya mgongo wa mbuzi: mbele zinalala kuelekea mbele, kwenye panja zinashuka, utosini zinazunguka. Lowesha kichwa kilichopandikizwa, tenganisha nywele kwa vidole viwili, utazame zinavyotoka kwenye ngozi. Zikisimama wima kama mswaki, au kila moja ikiwa imezungukwa na kivimbe au kishimo, kazi ni mbaya, hata kama ukiwa mbali inaonekana imejaa.

Kuhusu wingi, mwenye kipilipili ana bahati ambayo matangazo hayaitaji. Kwa kawaida mashina ya kisogo chake ni machache kwa kila sentimita kuliko ya Mzungu, lakini nywele zinazojikunja hufunika eneo kubwa, na nywele nyeusi juu ya ngozi nyeusi hazifichui mapengo. Mara nyingi mashina 1,500 hadi 2,000 yaliyopangwa kwa akili hutosha kurudisha sehemu ya mbele ya upara wa wastani. Anayekuuzia 5,000 kwa siku moja anamaliza akiba yako ili bei ipande. Uliza pia anahesabu mashina au nywele, kwa sababu shina moja hubeba nywele moja hadi nne, na hesabu ya nywele hufanya kazi ndogo ionekane kubwa. Utosi, kama mbele bado haijatulia, afadhali usubiri. Humeza mashina mengi, na upara ukipanuka pembeni mwake utabaki na kisiwa cha nywele.

Sasa uliza mkono wa nani utakaotoboa. Wasaidizi wenye ujuzi wana nafasi yao kwenye darubini na katika kupachika, lakini ganzi, utoaji na vitundu vya kupandia ni kazi ya daktari. ISHRS, chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele kilichoundwa mwaka 1993, kimefanya kampeni ya kuonya juu ya vituo ambamo daktari ni jina ukutani tu. Nchini Kenya unaweza kulitafuta jina la daktari kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosimamia madaktari, uone kama leseni yake ni ya mwaka huu. Uliza anapokea wagonjwa wangapi kwa siku. Kazi nzuri huchukua saa sita hadi kumi, na mashina yaliyokwisha kutolewa hayatakiwi kukauka hata kidogo; yawekwe kwenye maji maalumu yenye ubaridi, yapandwe mapema.

Baada ya hapo, ujiandae kwa subira. Paji linaweza kuvimba siku ya tatu au ya nne. Vigaga huanguka ndani ya siku kumi hivi. Kisha, kati ya wiki ya pili na ya nane, karibu nywele zote ulizolipia hudondoka, na wengi hudhani wametapeliwa. Shina liko hai ndani, limepumzika. Machipukizi huonekana mwezi wa tatu au wa nne, nusu ya matokeo mwezi wa sita, na hukumu ya haki hutolewa mwezi wa kumi na mbili, utosini hata baadaye zaidi. Picha yoyote ya matokeo iliyopigwa kabla ya hapo usiitegemee.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo karatasi za maelekezo za Istanbul hazilitaji. Nyuzi joto 35 mchana, upepo wenye mchanga na jasho havifai kabisa kwa kichwa kibichi, na maji safi ya kukiosha hupaswi kuyakosa hata siku moja. Ukiweza, kaa Nairobi hadi vigaga vianguke na daktari akuone mara ya pili. Mkimbizi anayetoka Kakuma aombe kibali cha safari chenye siku za kutosha marudio hayo, maana jeraha likiingia uchafu akiwa kambini, aliyempasua hayuko karibu. Kofia isiyobana huvaliwa daktari akisharuhusu, na kisogo kikingwe jua kwa miezi kadhaa, kwa kuwa kovu changa hubadilika rangi.

Nywele zako za asili nazo zitaendelea kupungua baada ya upasuaji. Dawa ya kupaka ya minoksidili iliruhusiwa Marekani kwa ajili ya upara mwaka 1988 na finasteridi ya kumeza mwaka 1997, nazo ndizo zinazolinda kilichobaki. Finasteridi huwaletea baadhi ya wanaume matatizo ya nguvu za kiume, na mwanamke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Daktari anayekupasua bila kuyazungumza haya ameacha nusu ya kazi.

Kabla ya kuondoka, dai karatasi. Iandikwe yametolewa mashina mangapi na kutoka upande upi, mrija ulikuwa na kipenyo gani, yamepandwa mangapi na wapi, mangapi yalikatika, na kisogo kimebaki na akiba kiasi gani kwa makadirio yake. Fundi mzuri hukupa bila kuombwa mara mbili. Iweke pamoja na kitambulisho chako, kwa sababu miaka kumi ijayo daktari mwingine atakugeuza kichwa, na akiba iliyobaki ndiyo atakayoiulizia kwanza.